Madume Mawili ya Bi Juu

Wifi yangu alipewa jina na wazazi wake kama watu wengine, lakini ukiliita barabarani leo hageuki, maana amelisahau. Sote tunamwita Bi Juu. Wateja ndio walioanza. Mtu anagonga geti, anauliza, "Yule mama wa tende yuko wapi?" Tunajibu, "Yuko juu." Kesho anarudi, bado yuko juu. Mwaka ukaisha yuko juu, jina likamganda. Kuna msimu alikaa huko muda mrefu mpaka njiwa mmoja akamtagia yai kwenye mfuko wa aproni, na siku hiyo alishuka polepole kuliko bibi harusi. Anayebisha aje, aproni ipo.

Shamba lenyewe si kubwa. Ni kiwanja kirefu chembamba nyuma ya nyumba yetu, kimebanwa kati ya karakana ya kuchomelea vyuma na ghala la vigae. Ndani yake kuna mitende thelathini na mmoja iliyopandwa na baba mkwe wangu kwa mistari mitatu, na kisima katikati. Saa saba mchana mtaa mzima unaungua, lakini pale chini unaweza kumlaza mtoto mchanga asilie. Upande mmoja cheche zinaruka, upande wa pili vumbi la vigae, na huko juu wifi yangu anaimba kwa sauti mbaya.

Baba mkwe alikuwa na watoto wawili tu. Wa kiume ni mume wangu, fundi saa, mtu wa vidole laini. Alipofika miaka kumi na miwili baba yake alimfunga kamba kiunoni akamwambia apande. Akapanda kimo cha mtu na nusu, akatazama chini, akaukumbatia mti, akakataa kuuachia. Walimwacha pale mpaka alasiri, wakampelekea chakula kwa upawa. Mpaka leo anasema alikuwa anapumzika. Dada yake, aliyekuwa na miaka tisa, alivua viatu, akampita ubavuni kama mjusi, akafika kileleni, akamtupia kaka yake tende mbichi ya utosi. Kamba ikahama kiuno siku hiyohiyo.

Mzee akamfundisha binti yake kazi yote: kukata miiba kabla ya kuingia kati ya makuti, kung'oa chipukizi shinani mwa mama yake bila kulichana, kufunga vichala visivunjike kwa uzito. Lakini jambo moja alimfundisha alfajiri, wengine wakiwa wamelala, akamwambia: "Hili usimwambie mtu. Wewe ni mtoto wa kike, ipo siku utaambiwa shamba si lako. Ukilijua peke yako, hakuna atakayekufukuza."

Aliolewa na dereva wa lori akaenda mbali. Miaka sita yote aliyokuwa huko, mzee akiwa hajiwezi kitandani, mitende ilitoa takataka. Kisha akarudi na binti yake mkononi na sanduku la bati kichwani, na mitende ikazaa mpaka tukaazima ndoo za majirani. Watu wakasema ana mkono mwepesi. Yeye akanyamaza. Mimi niliyekuwa naishi naye ukuta kwa ukuta nilimwona kila msimu akipanda mapema na kifurushi kwapani, nikadhani ni dawa yake ya kufukuza ndege. Nilidhani hivyo miaka thelathini. Nina macho mazuri sana, shida yangu ni kwamba mdomo huwa unayatangulia.

Sasa njooni kwenye mwaka wenyewe.

Misimu miwili mfululizo kisima kilikuwa kimeshuka. Tulivuta maji kwa ndoo mpaka mikono ikarefuka. Mimi niliweza kujikuna goti bila kuinama. Tende zikatoka chache, zimesinyaa. Mwenye ghala la vigae, tunayemwita Bwana Vigae, akaanza kumtembelea mume wangu dukani, kila mara na saa ileile ambayo haijaharibika. Alikuwa anataka kiwanja apanue ghala.

Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu wa saa tu; anapenda kitu kiwe ndiyo au hapana. Jioni moja tukiwa mezani akasema, "Dada, mimi si adui yako."

"Ukianza hivyo najua unakoelekea," akasema Bi Juu. "Sema."

"Bwana Vigae anasubiri jibu. Nimemwambia angoje msimu huu. Nusu ya mitende ikizaa, shamba linabaki, na sitalizungumzia tena mpaka nife. Isipofika nusu, nakata."

"Nusu ya thelathini na mmoja ni ngapi?"

"Kumi na sita. Sitaki ubishi wa nusu mti."

"Na huyo umempa neno?"

"Nimempa neno."

Bi Juu akaendelea kula. Alipomaliza alikunja leso yake mara nne, akasema, "Haya, kaka. Kumi na sita." Alikuwa na miaka hamsini na nane. Hakuwa na kiwanja kingine, hakuwa na kazi nyingine, na hakuwahi kuitaka.

Wiki ile ile akaitwa na binti yake aliyekuwa anakaribia kujifungua. Akaniachia maagizo mafupi: "Wifi, mwagilia. Usiguse kingine." Akaondoka kwa wiki tano.

Mimi nilimwagilia. Nisikilizeni vizuri hapo: nilimwagilia. Lakini wiki ya pili alikuja mwanamume mmoja wa makamo, amevaa fulana ya manjano inayomeremeta hata mchana, ndiyo maana nikamwita Reflekta na yeye akaitika. Alikuwa msimamizi wa miti ya barabara mpya. Walikuwa wanapanda miche ya mitende kandokando ya lami, mstari mzima, na mwanzoni mwa barabara walitaka mitende miwili mirefu isimame huku na huku kama askari.

"Ila mama, nataka isiyozaa," akasema. "Tende zikidondoka zinachafua njia, watu wanateleza, nyigu wanajaa. Bosi hataki."

Nikacheka. "Mwanangu, umefika. Ipo miwili pale nyuma, tangu niolewe sijaona tende juu yake hata ya kuonjea. Inakunywa maji tu kama wageni wasioaga."

Akaitazama, akaipenda. Akauliza tunataka nini. Nikatazama kisima, nikatazama mikono yangu. "Pampu," nikasema.

Nilipomweleza mume wangu dukani, aliinua uso kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua. "Mke wangu, leo umetumia kichwa."

"Jana nilitumia nini?"

"Jana nilikuwa na wateja, sikuona."

Kreni ilikuja Jumanne. Ilikuwa ndefu hata ndege walisimama kuipisha. Wakayakusanya makuti ya juu na kuyafunga kwa kamba kama mzigo wa kuni, wakazungushia mizizi magunia, wakainyanyua mitende yote miwili juu ya ukuta wa karakana. Mafundi wa vyuma walizima moto wao wote wakatoka kutazama. Siku ya pili pampu ikawekwa. Maji yaliruka kwa nguvu, nikaoga na nguo zangu, nikamwombea Bi Juu arudi haraka aje anikumbatie.

Akarudi. Hakuingia ndani hata kunywa maji. Alipita moja kwa moja uani na begi begani, kama kawaida yake. Mimi nikamfuata natabasamu. Pampu ilikuwa inavuma. Yeye hakuitazama. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mashimo mawili.

"Wifi, wako wapi?"

"Nani?"

"Mabwana."

"Mabwana gani? Ile migumba? Nimekuondolea, dada! Iko barabarani inapunga upepo. Na tazama nilichokuletea!"

Akakaa chini, miguu ndani ya shimo, begi bado begani. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alinyamaza siku hiyo, akanyamaza kesho yake. Nyumba yetu haikuwahi kunyamaza hivyo. Mende walitoka kuuliza kulikoni.

Siku ya tatu asubuhi alituita mimi na mume wangu uani. Alikuwa ameshika karara, lile ganda gumu la kahawia linalofunika maua ya mtende kabla hayajatoka. Lilikuwa limepasuka, na ndani yake mlikuwa na nyuzi nyingi za manjano zilizojaa shanga ndogondogo.

"Baba aliniambia nisimwambie mtu," akasema, "na mimi nikanyamaza miaka arobaini na tisa. Sasa sikilizeni. Mitende ina waume na wake. Hawa ishirini na tisa mnaowaona ni wake. Wale wawili walikuwa waume. Mume hazai tende, lakini bila unga wa maua yake mke hazai kitu. Karara la mke likipasuka, una siku tatu, nne ukiwa na bahati. Unapanda, unachomeka nyuzi za mume katikati ya nyuzi za mke, unafunga. Usipofanya hivyo zinatoka tende tatu tatu zisizo na kokwa, mbuzi mwenyewe anazitema."

Nikayatazama yale mashimo mawili. "Kwa hiyo kile kifurushi cha alfajiri..."

"Nilikuwa nawaoza."

"Mimi nilidhani unafukuza ndege."

"Ndivyo nilivyotaka udhani."

Mume wangu alikuwa ameshika kidevu. "Dada, mimi ni ndugu yako. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ya neno ulilolisema mezani, kaka. Baba alilisikia kabla hujalisema."

Aliachia kidevu. Alitazama mitende mstari mmoja, akatazama wa pili. Hatimaye akasema, taratibu, "Neno nimempa mtu. Kumi na sita ni kumi na sita." Kisha akakunja mikono ya shati. "Lakini sikusema nitakaa nikiangalia."

Dume jingine la karibu hakuna. Mkulima mwingine wa mitende tunayemjua yuko mbali, na maua yake hutangulia yetu kwa mwezi mzima. Kilichobaki ni wale wawili, na wale sasa walikuwa mali ya barabara.

Tukaondoka asubuhi hiyohiyo, mimi mbele na Bi Juu nyuma, ngazi ndefu katikati yetu, yeye na kamba yake kiunoni na msumeno mgongoni. Mume wangu alibaki dukani kutafuta kitu alichokisema midomoni tu, hatukumsikia. Mabibi wawili na ngazi mjini si jambo la kupita kimya.

"Bibi, mnaenda kupangusa jua?" akapiga kelele muuza matunda.

"Tunaenda kumchukua mume wa watu!" nikamjibu.

"Yuko ghorofa ya ngapi?"

"Ya juu kabisa, na amefungwa kamba!"

Kila nilichosema kilikuwa kweli, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Tukawakuta wamesimama mwanzoni mwa lami, mmoja huku, mmoja kule, wameegemezwa mbao, vichwa bado vimefungwa kama siku walipochukuliwa. Reflekta alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alituona na ngazi, akasimama.

"Mama zangu, hapana. Hiyo miti haiguswi."

"Tunataka maua yake tu," akasema Bi Juu. "Makarara. Yako humo ndani ya makuti mliyoyafunga."

"Kamba haifunguliwi mpaka miezi mitatu. Upepo ukivunja makuti, mimi ndiye wa kufukuzwa kazi. Bosi atakuja kukagua wiki ijayo."

Bi Juu akainua pua, akanusa. "Yamekomaa. Kesho keshokutwa yatapasukia humo humo, na hakuna atakayefaidi. Mwanangu, nina mitende ishirini na tisa inayongoja."

"Na mimi nina watoto watatu wanaongoja, mama. Samahani."

Nikafungua mdomo nimpe maneno yake. Bi Juu akanikanyaga mguu. Hakumtazama tena Reflekta. Alikuwa anatazama mstari wa miche kandokando ya lami. Akaanza kutembea. Anasimama kwenye mche, anachutama, anaingiza vidole kwenye udongo shinani, anasimama, anaendelea. Reflekta akamfuata. Mimi nikabaki nimeshika ngazi kama mtu aliyesahauliwa na zimamoto.

"Mbona hii majani yake yamekuwa rangi ya chai?" akauliza Bi Juu.

"Jua."

"Mtende unauawa na jua?"

Reflekta akakuna shingo. "Tumemwagilia kila siku. Kwa mpira, kuanzia kichwani. Tumejitahidi, mama. Imekauka miwili, mitatu."

"Kumi na mmoja. Nimehesabu." Akashika jani la katikati kabisa, lile changa linalosimama kama mkuki, akalivuta kwa vidole viwili. Likatoka lote, kama mshumaa kwenye keki, chini yake limeoza na linanuka. "Umeizika, mwanangu. Hapa katikati ndipo moyo wake ulipo. Umeufukia kwa udongo, halafu kila siku unaujaza maji. Iliyobaki ina wiki mbili."

Reflekta alishika lile jani kwa muda. Kisha akarudi akakaa juu ya ndoo yake, na fulana yake yote ikaacha kumeremeta, naapa.

"Inaweza kupona?" akauliza.

Bi Juu akasimama wima. Mimi namjua. Nilimwona ameweka mkono kwenye kamba ya kiunoni, anaibana. Maisha yake yote alichokijua ndicho kilichomweka uani kwetu. Siri moja alikuwa ameitoa asubuhi ile kwa ndugu zake, na huyu ni mpita njia.

"Njoo na koleo," akasema. "Nitakuonyesha mmoja, utafanya iliyobaki."

Wakachimba. Akamwonyesha udongo uishie wapi, pale makuti yanapoanzia, usipande zaidi. Akamwonyesha kukata kilichooza mpaka aone nyama nyeupe, kisha kupakaza majivu. Akamwambia maji yaende pembeni, mbali na shina, na siyo kila siku. Reflekta alikuwa anarudia kila neno kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mche wa nne alifanya mwenyewe. Alipomaliza alijifuta mikono, akaenda akaichukua ngazi mikononi mwangu, akaiegemeza kwenye mtende dume.

"Fungua upande mmoja tu, mama. Na uifunge kama ulivyoikuta."

"Nitaifunga vizuri kuliko nilivyoikuta. Nani aliyekufundisha fundo hili, adui yako?"

Akapanda. Ngazi ilipoishia akaendelea kwa kamba. Watu wakaanza kujaa chini. Dereva mmoja alisimamisha gari katikati ya lami. Dume la kwanza, lile kubwa, moyo wake ulikuwa umekufa. Bi Juu aliingiza mkono, akautoa, akashuka, na nikaona amelipapasa shina kama mtu anayemfunika ndugu yake shuka. Akavuka barabara. Dume la pili alikaa nalo muda mrefu. Kisha tukasikia msumeno.

"Tandaza!"

Nikatandaza kanga yangu, mimi upande huu na Reflekta upande ule. Likaja karara la kwanza, zima. La pili. La tatu. La nne lilikuwa limeshapasuka, likatumwagia unga wote usoni. Unga wa dume la mtende ni mweupe, laini, na una harufu ambayo mwanamke aliyeolewa hahitaji kuelezwa. Reflekta alinusa, akashtuka, akaangalia pembeni. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Hapo naishia, wajukuu wanasoma.

Makarara manne, moja likiwa nusu, kwa mitende ishirini na tisa. Bi Juu alikuwa amezoea madume mawili yenye makarara ishirini. Tulipofika nyumbani aliyapanga juu ya meza, akayatazama, akasema, "Hayatoshi."

Ndipo mume wangu akatoa kile alichokuwa anakitafuta dukani: kipira cheusi cha kupulizia vumbi kwenye saa, kinachotoshea kiganjani, chenye mdomo mwembamba wa shaba. "Mimi sijui mitende," akasema, "lakini unga ninaujua. Huo ukikung'utwa, ukachanganywa na unga wa ngano kidogo, hauwezi kupulizwa badala ya kufungwa na nyuzi zake?"

Bi Juu akakichukua, akakibonyeza mara mbili kwenye shavu lake. Akamtazama kaka yake kama anayemwona leo.

"Kaka," akasema, "ungejua kupanda, ungekuwa mtu hatari."

Siku kumi zilizofuata hatukuwa na nyumba. Mume wangu alifunga duka. Alikaa uani kwenye meza yake ya saa, miwani puani, anakung'uta nyuzi kwa kibano, anachekecha, anachanganya, anajaza vipira vitatu. Bi Juu alipanda mirefu. Mitende mifupi ya mstari wa tatu nilipewa mimi, na ngazi.

"Siwezi," nikasema.

"Uliweza kuuza waume, utaweza kuwaoza."

Nilipanda. Miiba ilinichoma mahali ambapo sikujua ninapo. Alinifundisha kutambua karara lililo tayari kwa kulibonyeza: likilia kidogo ndani, kesho litapasuka. Alinifundisha kuzitenganisha nyuzi kwa vidole, kupuliza mara tatu, kuzifunga kwa ukuti ulegee. Alisema kila kitu kwa sauti, kutoka juu, mafundi wa vyuma wakisikia, wapita njia wakisikia. Siri ya miaka arobaini na tisa ilitangazwa mtaani kama bei ya nyanya. Mitende saba ilikuwa imeshapasua makarara kabla hatujapata unga, hiyo tuliiacha. Mingine tukaipulizia kadiri ilivyofungua, na mitatu ya mwisho ilipulizwa kwa matumaini zaidi kuliko unga.

Kisha tukangoja wiki nne. Sitaki kusimulia kungoja. Nilimwagilia kwa pampu, na kila nilipoiwasha nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja.

Siku ya kuhesabu Bwana Vigae alikuja na futi yake ya kupimia, akiwa amevaa viatu vya kazi. Mume wangu akamkaribisha kiti. Bi Juu akapanda, mmoja baada ya mwingine, akawa anapaza sauti.

"Wa kwanza, umeshika!"

Mume wangu anaandika.

"Wa pili, umeshika. Wa tatu... takataka. Tatu tatu."

Tulifika kumi kabla ya mstari wa kwanza kuisha, nikaanza kucheza. Mstari wa pili ulikuwa mbaya. Huko ndiko ilikokuwa ile mitende saba iliyotutangulia. Tukatoka pale na kumi na tatu. Mstari wa tatu, wa kwangu. Kumi na nne. Takataka. Takataka. Kumi na tano. Takataka. Nilikuwa nimeshika ukuta. Ulibaki mtende mmoja wa mwisho, mfupi, karibu na ghala, na Bi Juu alikaa juu ya ngazi akipekua makuti.

"Dada?" akaita mume wangu.

"Kichala kimoja," akajibu. "Vingine vyote vimepotea. Kimoja."

Bwana Vigae akasimama. "Hicho ni kichala cha kuonea huruma, fundi. Mti haujazaa huo."

Mume wangu akainuka. Akatoa mfukoni kile kikombe cheusi chenye kioo ambacho mafundi saa hukibana jichoni. Bi Juu akaukata uzi mmoja, akamshushia. Mume wangu akaukagua shanga baada ya shanga, kwa utaratibu uleule anaokagulia meno ya gurudumu la saa. Mimi sikupumua. Jirani anasema niligeuka bluu, na safari hii sikuongeza chumvi mimi, ameongeza yeye.

"Moja moja," akasema. "Si tatu tatu. Kila moja imekaa peke yake na imevimba." Akakitoa kile kikombe jichoni. "Bwana Vigae, nilisema uzae. Sikusema uzae vichala vingapi. Kumi na sita."

"Fundi..."

"Neno nililokupa ndilo hilohilo nililompa yeye. Kumi na sita ni kumi na sita."

Bwana Vigae si mtu wa ugomvi. Aliirudisha futi yake ikajikunja yenyewe, akakaa tena kitini, akautazama uzi wenye shanga za kijani. Kisha akauliza kama vile vichipukizi vinavyoota mashinani vinauzwa, maana mbele ya duka lake pana joto sana. Bi Juu, bado yuko kwenye ngazi, akamwambia atampa viwili, ila aje mwenyewe na koleo aonyeshwe moyo uko wapi, la sivyo atamzika mtoto wa watu. Na Reflekta alishatuma salamu: miche yake imetoa majani mapya, bosi ameisifu, na kila msimu Bi Juu aje na ngazi, dume la barabarani litamngoja.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Wiki ile ile nikamkuta wifi yangu juu ya mtende wa kwanza, mkasi mkononi, na shanga za kijani zinanyesha chini kama mvua ya mawe.

Nikapiga yowe. "We mwanamke! Tumehangaika hivi, halafu unatupa?"

"Punguza kelele, panda uone."

Nikapanda ngazi. Kichala kilikuwa kimesongamana hata kidole hakipiti. Akaniambia kuwa zikiachwa zote, hakuna itakayonenepa. Mtu anatoa theluthi, zilizobaki zinapata nafasi na maji. Akanipa mkasi. Nikaushika.

"Huu?" nikauliza, nimegusa uzi wa katikati.

"Huo."

"Mbona ni mzuri?"

"Yote ni mizuri, wifi. Kata."

Nikakata.